Chupa Mbili za Unga na Maji

Nikutegee, nawe usijibu mbio mbio: ni mapacha, mama yao unga, baba yao maji; mmoja akikushika hakuachii, na mwenzake ukimfungia ndani anausukuma mlango. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikwambie. Mmoja ni gundi, mwingine ni chachu. Watie kwenye chupa mbili zinazofanana, uone kama hata mama mzazi hataomba vifuniko vimsaidie.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Ijumaa Mzee Jalada alikuwa amesimama jikoni kwake, kijiko mkononi, akiitazama chupa yenye kifuniko chekundu kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyeitikia salamu.

"Mbona hupandi?" aliiuliza.

Chupa ilinyamaza. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe, kizito, kimelala tuli, hakina povu hata la kudanganyia. Akakitia kijiko cha unga, kama alivyofanya jana na juzi na siku za kabla yake, akamimina maji kidogo, akakoroga. Kikakorogeka. Akaondoa kijiko. Kikalala tena.

Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa karakana: meza ndefu yenye alama za visu, kinu cha chuma cha kubania vitabu, nyuzi zilizopakwa nta, na vipande vya ngozi vilivyoviringishwa kama mikeka midogo. Watu walikuwa wamemwita Mzee Jalada mpaka jina alilopewa na wazazi wake likapotea njia. Miaka thelathini na minane alikuwa na mkewe, na humo waliishi yeye chumba cha mbele, mkewe jikoni, na katikati yao ukumbi mwembamba wa hatua saba. Siku nyingine vikombe vya chai vilivyovuka ukumbi huo vilikuwa vingi kuliko maneno. Si kwamba walikosana. Ni kwamba mzee alifanya kazi na uzi mdomoni, na mtu mwenye uzi mdomoni hujibu kila jambo kwa namna moja.

"Maji ya kuoga yako tayari."

"Mm."

"Mvua imeingia chumbani, godoro limelowa."

"Mm."

"Jino limeniuma usiku kucha, baba watoto, sijalala hata lepe."

"Mm."

Siku kumi na moja nyuma, mkewe alifunga mkoba aende kwa dada yake aliyevunjika mguu. Kabla hajatoka alimwita mumewe jikoni, akamsimamisha mbele ya chupa mbili pana za jamu.

"Nisikilize. Toa kwanza huo uzi mdomoni. Hii ya kifuniko chekundu ni chachu yangu. Kila asubuhi, kabla wewe mwenyewe hujanywa chai, ipe kijiko kimoja cha unga na maji kidogo, koroga, funika, usikaze. Hii ya kifuniko cheupe ni gundi yako. Nimeipika jana, nimetia shabu isioze. Ipeleke karakanani. Umesikia?"

"Nimesikia."

Na kweli alikuwa amesikia. Balaa lililetwa na wema. Mkewe alipoondoka tu, mzee aliona vifuniko vyote viwili vimeganda unga ukingoni, akasema ngoja mwenzangu akirudi akute jiko linang'aa. Akavivua, akavisugua kwa maji ya moto na sabuni. Alipogeuka kuvirudisha, chupa zilimtazama zote mbili kwa uso mmoja, nyeupe kwa nyeupe. Akanusa, lakini pua yake ilikufa zamani kwa ngozi na rangi. Akafikiri. Chachu ilikuwa kushoto, akasema moyoni, na ya kushoto ni ya kushoto. Akafunika nyekundu kushoto, nyeupe kulia. Alichosahau ni kwamba alipovivua vifuniko alisimama upande ule wa meza, na sasa alikuwa upande huu.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, mzee alikuwa akiilisha gundi.

Lingekuwa jambo la kucheka tu, kama si simu ya jana. Mkewe alipiga mchana, sauti yake ikiwa mbali kidogo, kama mtu anayezungumza huku anatazama dirishani.

"Hujambo, baba watoto?"

"Sijambo. Shemeji anaendeleaje?"

"Mguu unaunga, polepole. Anasema nisiondoke kabisa. Nyumba yake kubwa, yuko peke yake, usiku tunapiga soga mpaka usingizi unatukuta kwenye viti. Anasema tuzeekee hapa."

"Mm," akasema mzee, na wala siku hiyo hakuwa na uzi mdomoni.



"Jumamosi asubuhi nakuja," akasema mkewe. "Nakuja kuchukua chachu yangu."

Simu ikakatika. Mzee akabaki ameishika. Kuchukua? Mtu huja kuchukua akaketi, au huja kuchukua akaenda? Chachu ile mkewe alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Walihama nyumba mara tatu, na mara zote tatu kitanda, kabati na kinu cha chuma vilipanda nyuma ya lori, lakini chupa ilikaa mapajani pa mkewe. Iliposhushwa chupa, ndipo palipokuwa nyumbani. Hakuna aliyewahi kulisema hilo. Halikuhitaji kusemwa. Na sasa chupa ilikuwa inafuatwa.

Akaamua jambo moja, nalo hakulijua mkia wala kichwa. Kila Jumamosi mkewe alipika chapati za maji za chachu, laini, zenye matundu kama sega la nyuki, zenye uchachu kidogo unaoalika asali. Jumamosi hii atazipika yeye. Mkewe akifungua mlango, azikute mezani zina moshi. Baada ya hapo itakuwaje? Hapo akili ilikuwa inagota ukutani.

Lakini chachu haikutaka kupanda. Ijumaa hiyo akaiacha jikoni, akaenda karakanani, na huko nako mambo yalikuwa yamegeuka. Ile chupa ya kifuniko cheupe, aliyoiweka dirishani penye jua, ilikuwa imekisukuma kifuniko chake tena. Gundi ilikuwa imepanda, ikamwagika ukingoni, ikatiririka mpaka kwenye brashi. Ilitoa mapovu kama mtu anayekoroma. Wiki nzima ilikuwa hivyo: asubuhi akipaka migongo ya vitabu, ikipungua na kuwa nyepesi anaongeza unga na maji, jioni inavimba. Joto, alijiambia. Joto la mwaka huu halina adabu.

Hakuwa amemaliza kufuta meza alipoingia mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, amekumbatia kamusi yake kubwa. Akaiweka mezani taratibu, kama anaweka mayai.

"Fundi," akasema, "kamusi yangu ina mimba."

Mzee akaiangalia. Jalada alilolibandika Jumanne lilikuwa limeinuka katikati, limefura tumbo, na mgongo wake umeachana na kurasa. Akalibonyeza kwa kidole. Likazama, likarudi.

"Mimi niliileta kwa sababu mgongo ulikuwa umelegea," mwalimu akaendelea. "Sikulalamika. Uzee ni uzee. Lakini tangu ulipoirudisha inanuka maziwa yaliyolala, na usiku inatoa sauti."

"Sauti gani, mwalimu?"

"Psss. Nikadhani panya. Nikawasha taa, nikakuta ni neno 'subira' linapumua."

Kutoka mlangoni kikasikika kicheko. Alikuwa Wembe, kinyozi wa duka la pili, mtu ambaye hakuwahi kukosa jambo lisilomhusu.

"Mzee Jalada, miaka yote mimi nasema hapa mtaani hakuna fundi kama wewe. Leo umeanza kutotoa vitabu?"

"Niache, Wembe. Kichwa kimejaa."

"Kimejaa nini? Akili ni nywele, na zako nilizinyoa mwenyewe Jumatatu."

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikateleza. Mzee hakucheka. Alimwahidi mwalimu kuivua kamusi na kuivika upya, bure, na mwalimu alipokwenda akakaa kwenye kigoda, mikono kati ya magoti.

"Wembe," akasema, "gundi inapanda, haitakiwi kupanda. Chachu inatakiwa kupanda, imelala. Mimi nimefanya kila kitu nilichoambiwa. Unga kijiko kimoja. Maji kidogo. Kabla ya chai. Hata chai nimekuwa nachelewa kunywa mpaka tumbo linanguruma."

"Mpigie mkeo umuulize."

"Nimuulize nini?"

"Hayo hayo. Kuuliza si ujinga."

"Nikimuuliza atajua."

"Atajua nini?"

Mzee alitazama chupa ya dirishani, ikimtolea povu moja kubwa, likapasuka.

"Kwamba sijui chochote kinachofanyika upande ule wa nyumba yangu," akasema.

Wembe akampiga kofi dogo begani, akarudi kwenye mikasi yake.

Jumamosi kulipopambazuka mzee alikuwa ameshavaa shati safi. Viungo vya chapati alivijua kwa kuona vilivyokuwa vinakwisha kabatini: mayai, maziwa, chumvi, sukari, mafuta. Vipimo hakuvijua. Akapima kwa macho, kama anavyopima ngozi, akachota vikombe viwili kutoka chupa ya kifuniko chekundu, akavunja yai, likaanguka na ganda. Akatoa ganda kwa kibano cha kazini. Akakoroga. Mchanganyiko ulikuwa laini ajabu, ukang'aa kama rangi. Akapata moyo. Akawasha jiko, akapaka kikaango mafuta, akamimina.

Hakikuja kitundu hata kimoja. Chapati ilitanda, ikatulia, ikashika. Alipoingiza mwiko, mwiko haukupata pa kuingilia. Akasukuma. Akasukuma tena. Kikaango kizima kikainuka pamoja na mwiko. Moshi ukaanza. Akakimbilia karakanani, akaja na kile kisu chembamba cha kubandulia ngozi kuukuu kwenye vitabu, akaanza ukingoni, polepole, kwa ustadi wa miaka arobaini, mpaka chapati ikabanduka yote, nzima, bila mpasuko. Akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa ngumu, sawasawa kila upande, pembe zake safi. Ingefaa sana kuwa jalada.

"Nyumba inaungua au inapikwa?" Wembe alikuwa mlangoni kwa nyuma, taulo la kazi begani.

"Onja hii."

"Nimekukosea nini?"

"Onja, nakuomba. Niambie ina nini. Ulimi wangu siuamini tena."

Wembe akaimega kwa shida, akaitia mdomoni. Mashavu yakamwingia ndani, macho yakafumba, midomo ikakunjana kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Akaitema mkononi.

"Mzee, hii ni shabu."

"Shabu gani?"

"Shabu, shabu. Jiwe lile ninalowapaka watu kidevuni wembe ukiwakata. Ulimi wangu umeshaonja mara nyingi kuliko sukari. Umetia shabu kwenye chakula?"

"Sijatia. Nani atatia shabu kwenye chachu? Shabu inatiwa kwenye..."

Neno lilikuwa pale, limesimama kwenye ncha ya ulimi wake, na bado hakuwa ameliamini. Akaitazama chupa nyekundu. Akautazama ukumbi wa hatua saba. Akaitazama chupa tena.

"Hodi humu," ikasema sauti ya mkewe.

Alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele, amepita karakanani, mkoba mmoja begani. Mkoba ni mdogo, mzee akaona, mdogo kuliko ule alioondoka nao. Vitu vingine vimebaki kule.

Mama alitazama unga sakafuni, unga kwenye nyusi za mumewe, kisu cha ngozi juu ya jiko, na kinyozi aliyeshika kitu kilichotafunwa.

"Shemeji, karibu," akasema Wembe. "Mimi nilikuwa natoka."

"Kaa, shemeji, ukimbilie wapi."

"Nina mteja. Nimemwacha na nusu ya ndevu." Akaondoka upesi, na inawezekana hata alikuwa anasema kweli.

Mama akaiendea chupa ya kifuniko chekundu, akaifungua, akanusa mara moja tu.

"Hii ni gundi yako."

"Ndiyo," akasema mzee. "Nimejua sasa hivi. Nimeilisha siku kumi na moja."

"Na yangu iko wapi?"

Mzee alitembea ule ukumbi, akaichukua ile chupa ya dirishani kwa mikono miwili, akarudi nayo, hatua saba, na hakuwahi kuziona ndefu hivyo. Akaiweka mezani. Kifuniko cheupe kilikuwa kimekaa upande kama kofia ya mlevi. Chachu ilikuwa imejaa mpaka shingoni, matundu kwa matundu, na ukingoni mwake umenata unywele mmoja wa brashi.

Mama akautoa ule unywele kwa kucha. Akainama, akanusa, akakaa ameinama hivyo.

"Uliipa nini?"

"Sikuipa kitu. Nilikuwa naifanyia kazi. Nachota, napaka, ikipungua naongeza unga na maji. Nilidhani ni gundi mbovu. Kamusi ya mwalimu imefura. Daftari mbili za kanisa nazo nimeona leo zinaanza."

"Unachota, unaongeza."

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Kila siku."

"Ndiko kulisha kwenyewe," akasema mama, na kitu fulani kikapita usoni pake, mzee asijue ni kicheko au ni nini, maana hakuwa amezoea kuuangalia uso ule kwa muda mrefu kiasi hicho. Akaona alikuwa na kidoti kidogo karibu na sikio. Kilikuwapo siku zote?

Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Unaondoka nayo?"

Mama akavua mtandio, akautundika nyuma ya kiti, akaketi.

"Osha kikaango," akasema.

Akaosha. Ilibidi akiloweke, akikwangue, akiloweke tena. Mama hakuinuka kumsaidia. Akakausha, akarudi kwenye jiko, akasimama kama mwanafunzi aliyefika shule mpya katikati ya muhula.

"Sasa?"

"Chachu vikombe viwili. Yai moja. Si lazima na ganda."

"Maziwa kiasi gani?"

Mama akamtazama. "Mpaka ikianguka kutoka kwenye kijiko iwe kama mtu anayeshuka ngazi, si kama mtu anayeanguka dirishani."

"Na chumvi?"

"Kwa vidole vitatu. Na magadi, ncha ya kijiko, mwisho kabisa. Ukishatia usiende kupiga soga."

Akatia magadi. Mchanganyiko ukanong'ona, ukainuka bakulini mbele ya macho yake, na mzee akarudi nyuma hatua moja. Akamimina kikaangoni. Kitundu kikatokea kati, kingine ukingoni, kisha vingi, kama mvua inavyoanza kwenye vumbi.

"Nigeuze?"

"Bado."

"Nitajuaje?"

"Matundu yakipasuka yakajifunga, bado. Yakibaki wazi, geuza."

"Sikuwahi kujua hilo."

"Hukuwahi kuuliza."

Akageuza. Ya kwanza ilikunjana, ya pili ikaungua upande mmoja, ya tatu ikatua sawa, ya rangi ya ngozi ile nzuri anayowawekea wateja wa vitabu vya dini. Akaiweka kwenye sahani mbele ya mkewe, akatia asali, akabaki amesimama na mwiko. Mama akala, bila haraka. Akala ya pili. Mzee akaketi, akala ile iliyoungua, na katikati ya uchungu wa kuungua akakutana na ule uchachu, akaacha kutafuna, akajiuliza alikuwa anakula nini Jumamosi zote zile.

"Jino lako," akasema ghafla, "lile lililokuwa linauma. Liliishia wapi?"

"Nililing'oa. Mwaka juzi."

"Mwaka juzi."

"Mm," akasema mama.

Jiko lilizimwa. Nje Wembe alisikika akimwahidi mtu kwamba ndevu nusu ndiyo mtindo mpya. Mama akafuta vidole, akavuta mkoba, akautia mkono ndani, na mzee akaona anatoa chupa tupu, safi, isiyo na kifuniko cha rangi yoyote, ila kitambaa na mpira wa kufungia. Akaiweka kando ya ile yenye chachu. Akaiinamisha ya zamani, na chachu ikaanza kushuka, nene, bila kukatika, utepe mmoja mweupe kutoka chupa hii kwenda chupa ile.

Mzee aliutazama ule utepe. Akatamani kuuliza tena, akaogopa, akauliza.

"Mama watoto. Unaondoka nayo?"

Mama aliinua chupa, akaukata utepe kwa kidole, akalamba kidole. Zilikuwa sawa sasa, nusu kwa nusu. Akaifunga moja kwa kitambaa. Nyingine akaisukuma mezani mpaka ikagusa mkono wa mumewe.

"Nampelekea nusu hii leo mchana, narudi na nguo zangu kesho," akasema. "Dada amevunjika mguu tu, mikono anayo. Ailishe mwenyewe."